Muhogo Mchungu wa Toleo la Tisa

Ninyi mnaoendelea na jarida letu mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Mlitaka kurasa mbili za kuweka mbele ya toleo lijalo. Hizi zimezidi. Mkilazimika kukata, kateni mwanzoni, mwisho mniachie. Cheo changu cha mwisho mnakijua, na mshahara wangu hata mimi sikuwahi kuuelewa, kwa hiyo hayo nayapita.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa karani wa reli hapa Kamina, na mimi nilijifunza kupiga mashini katika shule ya kanisa letu la Metodisti. Chuo cha ualimu kilikuwa na mwalimu wa biolojia tuliyemwita Prof Kabange, mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa anaanzisha jarida la utafiti. Alitafuta mpiga mashini. Nilipofika na diploma yangu kwenye bahasha, hakuifungua. Aliniuliza swali moja.

“Numbi, ukiona mwandishi amekosea, utafanya nini?”

“Nitasahihisha, Prof.”

“Hapana. Utamuuliza. Kusahihisha bila kuuliza ni kuandika kosa la pili.”

Siku hiyohiyo nikapewa meza iliyo karibu na dirisha. Nilidhani amenipa dirisha kwa wema. Baadaye nilielewa kwamba mpiga stensili asiye na dirisha ni kipofu.

Jarida liliitwa Mwanda, neno ambalo kwa Kiluba ni jambo, au habari yenye uzito. Kurasa zake zilikuwa kama arobaini, kwa Kifaransa, zikipigwa kwenye roneo, mashine ya chuo ya kutolea nakala, na kufungwa kwa waya. Prof alikuwa na sheria mbili ambazo hakuna mkuu wa chuo aliyeweza kuzigeuza: mwandishi halipi, msomaji halipi. Karatasi aliziomba kanisani, kwa mapadri, kwa wafanyabiashara, hata kwa wakwe zake. Mwalimu mmoja aliyetaka sana kupandishwa daraja alitubebea rimu mbili mpya za karatasi pamoja na makala yake. Prof aliisoma makala, akairudisha, na rimu juu yake. Mimi niliumia moyoni, maana siku hiyo tulikuwa tunapiga kwenye upande wa nyuma wa fomu za zamani za mitihani. Akaniambia, “Tukipokea hizi, kesho atakuja mwingine na rimu tatu na fikra hata moja hana.”

Kwenye jalada la kila nakala, chini kabisa, aliandikisha maneno haya: Soma, nakili, mpe mwingine. Hatukuwa na orodha ya wasomaji. Anayelipa huandikwa jina, na kwetu hakuna aliyelipa. Nakala ziliondoka mikononi mwa walimu, wauguzi, makatekista na wafanyabiashara, kwa treni na kwa baiskeli, na hatukujua zinalala wapi.

Stensili nilifundishwa na Mama Mbuyi, katibu mkongwe wa chuo. Ninyi hamtaziona tena, kwa hiyo nieleze. Ni karatasi nyembamba yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye mashini ili herufi zenyewe zikate nta, na wino wa roneo upite katika matundu hayo. Shida yake ni kwamba ukipiga huoni vizuri ulichopiga. Lazima uitoe, uishike mbele ya mwanga wa dirisha, usome mstari kwa mstari. Mama Mbuyi alinifundisha kuziba kosa kwa dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, kuipuliza ikauke, kisha kupiga tena juu yake kwa kidole chepesi. Alinifundisha pia jambo moja zaidi ya hayo yote: usisome kazi yako peke yako. Mmoja ashike stensili dirishani, mwingine ashike mswada, na muisome kwa sauti.

Mama Mbuyi alizaliwa hapa Kamina, na watoto wake walizaliwa hapa. Watu wenye asili ya Kasai, kama yeye, walipofukuzwa mkoani kwetu, aliondoka katika treni kama wengine, akikaa juu ya masanduku yake mawili. Nilimsindikiza stesheni. Alisema tu nisiache chupa ya dawa nyekundu wazi, inakauka. Sikupata habari zake tena.

Vita vya kwanza vilipita kwetu haraka, serikali ikabadilika, na sisi tukabadilisha muhuri. Vita vya pili havikupita. Njia ya kaskazini ilikatika, na watu walianza kufika kwa miguu wakitoka ng’ambo ya mstari wa mapigano, vichwani godoro, mgongoni mtoto. Wengine walibaki Kamina, wengine wakaelekezwa Kaniama, ambako kuna mashamba. Ndege za Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, zilipita juu ya paa siku nzima. Tuliendelea. Watu waliniuliza kama sioni aibu kupiga makala za utafiti wakati kama ule. Sikuona aibu. Nilikuwa na stensili kumi na mbili, na nilizihesabu kila asubuhi.

Wakati huo makala ilifika kutoka Kaniama. Mwandishi wake, Banze, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya huko, kijana mkavu, asiyependa maneno mengi. Aliandika juu ya muhogo. Mashamba ya mahindi yalikuwa yameachwa au yamevunwa kabla ya wakati, na kilichobaki ardhini kilikuwa muhogo mchungu, ule ambao hata panya wanauogopa. Wakimbizi hawakuujua. Walikuwa na njaa, na mwenye njaa hasubiri. Banze alikuwa amewaona wakiletwa kwake wakitapika na kuzunguka kichwa, na alijua kwamba mtu akiula vibaya muda mrefu, miguu yake yaweza kukakamaa isirudi. Makala yake iliishia na jedwali dogo la kuwasaidia wauguzi wengine: muhogo mtamu, siku moja ndani ya maji, muhogo mchungu, siku tatu, na wakati wa baridi siku nne.

Wasomaji wawili waliopima makala zetu waliisifu. Prof naye aliisifu, kisha akaenda Lubumbashi kutibiwa macho, akaniachia ufunguo wa chumba na toleo la tisa.

Nilipiga jedwali lile siku ya mvua. Niliandika majina ya safu, mvua ikaanza kudondoka juu ya roneo, nikainuka kuifunika kwa plastiki. Niliporudi nikapiga namba. Mwanga ulikuwa hafifu, chumbani sikuwa na mtu, na nilitaka kumaliza. Nilishika stensili dirishani nikaisoma mwenyewe, kimya. Nikaona kile nilichotaka kuona.

Nakala zote zilikuwa zimekwisha ondoka, isipokuwa nne, siku nilipopeleka moja nyumbani. Jirani yangu, Mama Zaina, alikuwa mfanyabiashara wa unga na muhogo mkavu sokoni, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani na biashara. Mume wake ndiye aliyebeba nakala zetu katika mizigo yake, bila kudai chochote. Mama Zaina alikuwa amekaa uani kwangu akipepeta, nami kwa kujivuna kidogo nikasema nitamsomea kitu kinachomhusu. Nikatafsiri kutoka Kifaransa. Nilipofika kwenye jedwali, akaacha ungo.

“Rudia pale.”

“Muhogo mutamu, siku tatu. Muhogo muchungu, siku moja.”

Akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. “Nani aliandika ile? Anataka kuua bantu?”

“Ni muguzi, Mama Zaina. Eko na masomo.”

“Masomo gani? Muchungu siku moja? Hata mutoto wangu wa mwisho anajua. Utamupa mutu ile bukari ya unga wa muhogo, atatapika mbele jua haiyashuka.”

Nilikimbia mpaka chuoni na khanga begani. Mswada wa Banze ulikuwa kwenye faili. Mwandiko wake safi, wa shule: mtamu moja, mchungu tatu. Nilikaa chini sakafuni na faili mapajani. Niligeuza nakala na kuona jalada: Soma, nakili, mpe mwingine.

Kesho yake nilikwenda misheni kwenye fonie, ile redio ya kuzungumzia mbali. Kila mtu chumbani husikia, na kila kituo njiani pia, na anayemaliza kusema humwachia mwenzake zamu kwa neno À vous. Waliniitia Prof Lubumbashi, akaja baada ya saa nzima. Nilimwambia yote, neno kwa neno, mbele ya watu waliokuwa wanangoja zamu.

Mawimbi yakakwaruza. Kisha akasema, “Numbi, tutaweka sahihisho katika toleo la kumi. Hiyo njo desturi ya majarida yote. À vous.”

“Prof, toleo la kumi ni miezi sita. Bantu banakula leo. À vous.”

“Sasa utawatafuta wapi? Hatuna orodha. Na vita iko njiani. Wee ni mama wa batoto. Ngoja. À vous.”

“Minyi njo nilikosa, Prof. Sitangoja. Over.” Neno hilo la mwisho nililisikia kwa marubani, na sijui kama nililitumia vizuri, lakini nilikwisha weka kile chombo chini.

Nilikata stensili mbili kati ya zile zilizobaki. Sahihisho lilikuwa fupi, na nililipanga mara nne katika ukurasa mmoja ili karatasi itoshe. Niliandika kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chetu, kisha kwa Kiluba. Jarida halikuwahi kuandika kwa Kiswahili, lakini Prof hakuwapo wa kuniuliza. Chini niliweka: Kosa ni la mpiga mashini, mwandishi hana kosa. Numbi. Safari hii Mama Zaina alishika mswada. Kusoma hakujua, kwa hiyo nilisoma stensili dirishani kwa sauti, naye alisikiliza kwa masikio ya mtu anayeuza muhogo miaka ishirini. Tulirudia mara tatu. Mume wake alichukua fungu moja kwa njia zake zote za biashara. Makatekista walichukua jingine, na lilisomwa Ijumaa msikitini kwao na Jumapili kanisani kwetu, jambo ambalo sidhani jarida jingine la utafiti limewahi kulipata.

Base nilikwenda mwenyewe kwa baiskeli, maana nilijua nakala zilifika kwenye zahanati ya familia za askari. Kizuizini askari mmoja alifungua mfuko wangu, akaona karatasi nyingi zinazofanana kama vipeperushi vya siasa, akaita mkubwa wake.

“Mama, hii ni nini? Ni tract?”

“Hapana, chef. Ni muhogo.”

“Muhogo iko mu makaratasi?”

“Soma, chef.”

Alisoma kwa midomo, polepole, Kiswahili chote, akarudi juu akasoma tena. Mimi nilikuwa natazama bunduki ya yule wa kwanza, nikifikiri nani atawapikia wanangu. Mkubwa akakunja karatasi moja akaiweka mfukoni mwa shati.

“Bibi yangu, mama wa batoto, anaiweka usiku moja tu,” alisema. “Watoto banalia tumbo kila siku, tunasema ni malaria. Pita, mama. Ile mingine upeleke mbio.”

Kaniama nilikwenda kwa treni ya mizigo, juu ya magunia, siku mbili kwa safari ambayo baba yangu angeiita aibu ya reli. Nilipofika kituo cha afya, Banze alikuwa anamfunga mtu kidonda. Hakunisalimu. Alikuwa amekwisha pata nakala yake.

“Nilikuandikia barua,” alisema bila kuinua kichwa. “Haiyafika?”

“Haiyafika, muguzi. Nimekuja kuomba—”

“Jina langu njo iko pale juu. Siyo lako. Bamama banakuja hapa banasema: Banze, weye ulituambia siku tatu, kitabu chako kinasema moja. Tuamini mdomo ao kitabu?”

Nilimpa sahihisho. Alilisoma mpaka jina langu la chini. Akaosha mikono kwanza, akaikausha, kidole kimoja kimoja. Nilijua anachagua maneno.

“Kuna mwalimu moja,” alisema. “Kalenga. Alikimbia vita. Yeye aliamini kitabu. Twende.”

Mwalimu Kalenga alikaa na mke na watoto watatu katika darasa la shule, nyuma ya pazia la gunia. Kwao walizoea mahindi na samaki. Katekista alimpa Mwanda, naye alifurahi, kwa sababu ilikuwa karatasi ya kwanza kuisoma tangu akimbie. Aliloweka muhogo mchungu siku moja, akautwanga, akawapikia wote. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanatapika, na mtoto wa mwisho, aitwaye Numbi kama mimi, alilala bila kuitika mpaka jua lilipoanza kuinama. Banze alikaa naye siku ile yote. Mtoto aliamka. Nilimwona mwenyewe, alikuwa anacheza na kizibo cha chupa, na miguu yake ilikuwa inatembea. Nilimtazama miguu muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Nilimwambia baba yake mimi ni nani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kalenga alikuwa mtu wa sauti ndogo.

“Mama, bibi yangu huyu aliniambia: huu muhogo unanuka, tungoje. Minyi nikamuonyesha kitabu. Nikamuambia nyamaza, hii imepigwa kwa mashini.”

Nilisema, “Nisamehe, mwalimu.” Hakusema amesamehe. Alichukua karatasi za sahihisho mkononi mwangu, akazihesabu, akasema hazitoshi, akaketi na kuanza kunakili kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la mwanafunzi. Niliketi karibu naye, nikanakili pia. Mke wake alitutazama, kisha akatoka kwenda kutafuta maji.

Jioni ile Banze alikusanya wanawake mbele ya kituo, wenyeji na wakimbizi, nami nikasimama nikasoma sahihisho kwa Kiswahili na Kiluba. Nilipomaliza, mama mmoja mzee, Nkambo Mujinga (nkambo kwa Kiluba ni nyanya, na Mujinga ni jina tu, si tusi), mwenyeji wa pale, alinyanyua mkono kama mtoto wa shule.

“Weye mama wa karatasi, na hiyo pia haiko yote. Siku tatu mu maji ya namna gani? Maji ya kusimama, ao ya muto? Unabadilishaka maji, ao hapana? Unamenya mbele ya kuloweka, ao nyuma? Wakati wa baridi, minyi sihesabu siku. Nabonyeza. Ikivunjika mu mukono kama ndizi iliyoiva, njo nautoa.”

Mwingine akampinga juu ya kumenya. Wa tatu akasema wote wawili hawajui kuanika. Banze alichukua kalamu, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Tulikaa pale siku mbili. Alikuwa anauliza, anapima, anawarudisha mtoni wamuonyeshe, na mimi nikaandika. Wakimbizi waliuliza maswali ambayo wenyeji hawakuwahi kuulizwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa bora.

Makala iliyotoka humo ndiyo iliyofungua toleo la kumi. Prof aliporudi, macho yake mapya yalisimama kwenye orodha ya waandishi: Banze, kisha wanawake saba.

“Hawa ni nani? Wana daraja gani?”

“Banajua muhogo, Prof.”

“Wanajua kusoma?”

“Wawili.”

Alivua miwani akaifuta. Nilimwambia kwamba kama waandishi wangekuwa wanalipa, hawa wasingekuwamo, na nilidhani sheria ile aliiweka kwa ajili ya watu kama hawa. Akasema sheria aliiweka kwa ajili ya walimu wa shule za mbali, lakini haoni kosa. Akawapelekea wasomaji wawili, majina yakiwa yamefichwa kama kawaida, na mmoja wao akajibu kwamba waandishi hawa ni wazi wamefanya kazi miaka mingi katika maabara.

Baada ya hapo wapo waliosema tuanze kuuza, walau kidogo, ili tuwe na orodha ya wasomaji, tusiwatafute tena gizani. Nilipinga, na nitapinga mkiniita leo. Kosa langu lilitembea kwa sababu jarida ni la bure, ni kweli. Lakini sahihisho lilipita njia ileile, mikononi mwa watu walewale ambao hawakutudai kitu. Angalieni nani anasoma stensili pamoja nanyi, au hicho kioo chenu. Asiwe mwenzenu wa ofisini tu. Awepo pia mtu anayelima, anayepika, anayetibu hicho mnachoandika.

Toleo la kumi nililipeleka Kaniama mwenyewe. Nkambo Mujinga alikuwa uani akimenya. Nilimwonyesha jina lake kwenye ukurasa, akaweka kidole juu yake, kidole chenye maji na unga, kikaacha alama. Hakuuliza jina limeandikwaje. Alitelemsha kidole mpaka kwenye jedwali.

“Hapa panasema nini?”

“Muchungu, siku tatu. Baridi, ubonyeze mbele ya kutoa.”

“Soma tena.”

Nikasoma tena.